Upepo Husomwa kwa Mabawa ya Wenzako

Upepo tunaoutaka ni wa kilomita 20 hadi 35 kwa saa, uje umenyooka usoni mwa kigongo au umepinda kidogo tu, na usiwe wa kupiga na kuacha. Ukipungua hapo, glaida, yaani bawa letu lisilo na injini, inateleza hadi bondeni na safari inaisha kwa dakika chache. Ukizidi, unakaa chini ya kivuli cha bawa lako ukisimulia habari za mwaka jana. Kiangazi kizima cha rubani wa glaida ya kuning'inia kinapita katikati ya vipimo hivyo viwili, na muda mwingi, niseme ukweli, tunakuwa nje yake.

Ndiyo maana mtu anayekuja kututazama kwa mara ya kwanza huondoka amechoka kuliko sisi. Alitegemea kuona watu wakijirusha kutoka kileleni. Anachokikuta ni watu wazima waliovaa makoti kwenye jua kali, wameshika viuno, wanaangalia nyasi. Na kweli tunaangalia nyasi. Tunaangalia zinavyolala na kuinuka, muda unaopita kati ya pigo moja la upepo na jingine, na kama majani ya miti iliyo chini kabisa ya mteremko yamegeuka kabla ya nyasi za miguuni petu kuinama. Mzee wa kundi letu, ambaye alianza kuruka zamani mabawa yakiwa bado pembetatu tupu ya kitambaa, anaweza kukaa saa nzima bila kusema neno. Akianza kufunga mikanda ya hanesi yake, lile vazi linalomning'iniza rubani kwenye bawa, sote tunaanza kufunga.

Kinachotubeba ni jambo rahisi. Upepo ukikuta kigongo kirefu kimeukingia njia, hauna pa kwenda ila juu. Glaida, hata iwe nzuri namna gani, ndani ya hewa tulivu inashuka wakati wote, karibu mita 1 kwa sekunde ukiiendesha polepole. Hewa iliyo mbele ya kigongo ikipanda kwa kasi inayozidi hiyo, unapanda nayo, ingawa bawa lenyewe halijaacha kushuka ndani yake. Ukanda wa hewa hiyo ni mwembamba, uko mbele ya ukingo na juu yake kidogo, na kazi yote ni kubaki humo: unakwenda mpaka mwisho wa kigongo, unageuka, unarudi, unageuka tena. Likielezwa hivyo linasikika la kuchosha. Nimekaa humo hadi mikono ikafa ganzi, na bado nikaona jua limewahi kuzama.

Orville Wright alilijua hilo. Ndege ya injini yeye na kaka yake walikuwa nayo tangu 1903, lakini Oktoba 1911 alirudi kwenye matuta ya mchanga ya Kill Devil Hills, North Carolina, na glaida isiyo na injini, akakaa hewani dakika 9 na sekunde 45 akibebwa na upepo uliokuwa ukipanda tuta. Rekodi hiyo ilidumu karibu miaka 10. Wageni wanapouliza kwa nini hatununui tu injini, huwa nawapa habari hiyo kisha narudi kutazama nyasi.

Bawa letu lina ukoo mwingine. Francis Rogallo, mhandisi wa Marekani, na mkewe Gertrude walibuni bawa laini la kitambaa mwaka 1948, na jaribio lao moja lilishonwa kwa pazia la jikoni. Mwaka 1963 John Dickenson wa Grafton, Australia, akafunga fremu ya pembetatu chini ya bawa la namna hiyo na kumning'iniza mtu katikati. Mpaka leo hatujatoka hapo. Hakuna pedali wala usukani wa kuzungusha. Unaning'inia kwa mkanda katikati ya bawa, umelala kifudifudi, na unaongoza kwa kuhamisha mwili. Ukiuvuta upau wa chini kuja kifuani, pua inainama na mwendo unaongezeka. Ukiusukuma, pua inanyanyuka na mwendo unapungua. Ukijisogeza kulia, unapinda kulia. Akili huyashika hayo mara moja. Mwili huchukua muda zaidi, kwa sababu mwili ukiogopa hutaka kusukuma upau uende mbali, na huko kusukuma ndiko kunakopunguza mwendo mpaka bawa linaacha kubeba.

Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka zaidi ya mara 2,000 kwa mabawa aliyoyajenga mwenyewe, alipatwa na jambo la aina hiyo. Tarehe 9 Agosti 1896 pua ya bawa lake ilinyanyuka, bawa likapoteza mwendo, akaanguka kutoka mita kama 15 na kufariki kesho yake. Ilikuwa siku ya jua, ya hewa moto kung'oka ardhini. Siku za namna hiyo ndizo tunazozisubiri mwaka mzima.

Kuliunganisha bawa huchukua kama nusu saa. Unakunjua, unasimamisha fremu, unapanua mbawa zote mbili, kisha unaingiza fito za alumini moja moja kwenye mifuko iliyoshonwa ndani ya kitambaa. Fito ndizo zinazolipatia bawa mkunjo wake. Mimi huzipanga chini kwanza, ya kulia kando ya mwenzake wa kushoto, nikizilinganisha mbili mbili. Moja ikinyooka kuliko mwenzake, inatosha kuifanya glaida ivute upande safari nzima. Baada ya hapo unavuta waya wa kukazia na kitambaa kinalia, kimewamba. Kuanzia hapo hakuna anayenisemesha. Ni kanuni yetu ambayo haijaandikwa popote: mtu aliyekwisha kukaza waya haongeleshwi mpaka amalize kulizunguka bawa lake lote akigusa kila pini, kila nati na kila kifungo cha waya kwa kidole. Kwa kidole, maana jicho huona lilichozoea kukiona. Ukimkatiza, anarudi mwanzo. Mgeni mwenye maswali huvutwa kando kwa upole na kuoneshwa mwewe.

Halafu kuna ukaguzi wa kuning'inia. Katika mchezo huu unaweza kutimiza kila kitu, ukavaa helmeti, ukabana hanesi, ukakagua bawa, kisha ukakimbia na kuondoka ukiwa hujajifunga kwenye glaida. Linasikika la kipuuzi, lakini limewaua hata wazoefu. Mwaka 2018 huko Uswisi mtalii mmoja alirushwa kwa glaida ya watu wawili na hanesi yake haikuwa imefungwa kwenye bawa. Alishikilia kwa mikono zaidi ya dakika 2 mpaka wakakaribia ardhi, akanusurika na kuvunjika kifundo cha mkono. Video yake ilizunguka dunia nzima, na katika kundi letu hakuna aliyeicheka.

Kwa hiyo kabla ya kukimbia, mwenzako hushika pua ya glaida na wewe unajilaza, unaning'iniza uzito wako wote, kifua kikiwa juu kidogo ya upau. Anatazama karabina, ile pete ya chuma inayounganisha hanesi na bawa, anatazama kama imejifunga, anafuata mkanda kwa macho kutoka mgongoni mwako mpaka kwenye bawa.

“Umening'inia?”

“Nimening'inia.”

“Miguu?”

“Imo kwenye mikanda.”

Ukijifungua kwa sababu yoyote, hata ya kuokota glavu iliyoanguka hatua chache pembeni, ukaguzi unaanza upya. Mzee wetu amekwenda mbali zaidi. Yeye hufuata utaratibu ulioenea kutoka Australia: hanesi hufungwa kwenye glaida kwanza, ndipo mtu aingie ndani yake, na kutoka ni kutoka ndani ya hanesi, sio kufungua karabina. Hivyo haiwezekani uwe umevaa na hujafungwa. Kuna wanaosema anazidisha. Mimi nimeishika njia yake tangu aliponieleza, na hasara yake siioni, labda magoti kuchafuka.

Kuondoka kwenyewe ni mbio. Unaliinua bawa mabegani, unaiweka pua sawa, unasubiri upepo utulie usoni pako, kisha unakimbia kushuka mteremko kwa hatua ndefu. Unaendelea kukimbia hata uzito wa glaida ukishatoka begani, hata mikanda ikishakuvuta juu, mpaka miguu inakanyaga hewa. Wanaoanza huacha kukimbia wanapohisi ule mvuto wa kwanza, na glaida huwarudisha chini palepale. Upepo ukiwa na nguvu zaidi, wenzako hushika nyaya, mmoja puani na wengine pembeni, na kila mmoja anasema kwa sauti kile ambacho mkono wake unahisi: “Juu… juu… sawa… chini… sawa.” Unasubiri usikie “sawa” kutoka pande zote. Ukisema “achia,” wanaachia pamoja na kulala chini.

Sasa uko juu na hesabu inaanza. Chukua mwendo wa kilomita 40 kwa saa ndani ya hewa. Upepo wa 25 ukiwa usoni, ardhi inapita chini yako kwa kilomita 15, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka. Geuka, upepo uwe mgongoni, na ardhi ileile inapita kwa 65. Bawa halioni tofauti yoyote, lenyewe liko kwenye 40 yake. Macho ndiyo yanayoiona, na macho ni wachochezi: yanaona miti inakimbia, yanaiambia mikono ipunguze mwendo, mikono inasukuma upau. Karibu na mlima, upepo ukiwa mgongoni, hakuna wakati mbaya kuliko huo wa kupunguza mwendo. Nilifundishwa kuyapuuza macho hapo na kusikiliza. Nyaya za glaida hupiga mluzi mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mwendo. Mluzi ukififia, vuta upau. Sijapata kifaa kinachoniletea habari hiyo upesi kuliko masikio yangu, na vifaa ninavyo.

Tunageuka kuelekea nje kila mara, mlima ukibaki nyuma ya bega, na tukiambaa na kigongo pua inaelekezwa kidogo kwenye upepo, kwa hiyo tunakwenda upande upande. Nyuma ya ukingo hatwendi. Upepo ukishavuka kilele humwagika upande wa pili na kujikunja, hewa inavurugika na kushuka, na bawa likiingia humo linakuwa mali ya upepo. Hata juu ya ukingo penyewe pana mtego, kwa sababu hewa inayopanda hubanwa pale na kuongeza kasi. Rubani aliyepanda akazubaa huona kwanza kwamba hasongi mbele, kisha kwamba anarudi. Na nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake: ukitoka 20 kwenda 30, nguvu imefika mara mbili na robo ya ile ya mwanzo. Nyongeza ambayo mtu aliyesimama barabarani haihisi hata kwenye shati lake, sisi inatufanya tutazamane.

Shida ya hayo yote ni kwamba hewa haionekani. Variometa, kifaa cha kupimia kasi ya kupanda na kushuka, hulia ninapopandishwa na kunung'unika ninaposhuka, lakini inanieleza hapa nilipo tu. Kuhusu hewa iliyo mita 200 mbele haina neno. Bawa la mwenzangu aliye mbele linalo. Nikimwona ananyanyuliwa bila kubadilisha chochote, najua ukanda wa pale unabeba. Nikiona ubawa wake wa kushoto umeinuka ghafla, najua kuna hewa moto upande wake wa kushoto, na huenda nimejua kabla yake, kwa sababu yeye anahangaika kulinyoosha bawa na mimi natazama tu. Akizama anapopita mbele ya lile korongo lililokikata kigongo, mimi nitalivuka nikiwa juu zaidi na kwa mwendo zaidi. Aliye nyuma yangu naye ananisoma mimi. Tukiwa wanne au watano tumetawanyika, kigongo chote kinasomeka kutoka mwisho hadi mwisho, na habari zake zinabadilika mbele ya macho yetu.

Ila lazima umjue unayemsoma. Kuna mwenzetu mwenye mwili mwepesi na bawa kubwa. Huyo hubaki juu hata upepo ukiwa wa kuhurumiwa, kwa hiyo kumwona anaelea hakunielezi kitu. Wengi wamekimbilia hewani kwa sababu yake na kujikuta bondeni. Kuna mwingine mzito, bawa lake dogo na la kasi. Yeye akianza kupanda, funga hanesi upesi, hewa inamtosha kila mtu. Tunamtania kwamba ndiye soksi yetu ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaotundikwa kuonesha upepo. Hujibu kwamba soksi ya upepo haichangii mafuta ya gari. Yupo pia anayeruka vizuri kuliko sote lakini hapendi kugeuka upande wa kushoto, sijui kwa nini na sijamuuliza. Akigeuka kushoto, amekuta kitu cha maana, na mimi naelekea huko.

Ndege nao tunawasoma. Mwewe anayezunguka bila kupiga bawa amekwisha kutafuta kwa niaba yetu. Mbayuwayu wakijaa mahali pamoja na kukatakata hewa kwa fujo, mara nyingi wanakula wadudu walionyanyuliwa na hewa moto, na humo kwenye fujo yao ndimo pa kwenda.

Hata rekodi kubwa ya mchezo huu ilipatikana kwa kusomana. Tarehe 3 Julai 2012 Dustin Martin wa Marekani na Jonny Durand wa Australia waliondoka Zapata, Texas, wakaruka pamoja sehemu kubwa ya siku, kila mmoja akitumia bawa la mwenzake kutafuta hewa. Baada ya saa kama 11 Martin alitua kilomita 764 kutoka walikoanzia, Durand kilomita 761. Walikuwa wanashindana, na bila huyu yule asingefika. Nawaza sana kuhusu zile kilomita 3.

Ukanda mwembamba wenye mabawa ya upana wa mita 10 kila moja unataka adabu. Mkikutana uso kwa uso, mwenye mlima kuliani kwake anaendelea na njia yake. Mwenye mlima kushotoni ndiye anayepisha, maana yeye ana uwazi kulia na mwenzake amebanwa. Aliyetangulia kuzunguka ndani ya nguzo ya hewa moto ndiye anayeamua mnazungukia upande gani, na anayeingia baadaye anafuata hata akiwa bingwa. Aliye juu amwangalie aliye chini, kwa sababu aliye chini amezibwa na bawa lake na hakuoni. Kuhusu kumpita mwenzako, kanuni hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo kwenye kigongo kigeni uliza kabla hujaingiza ufito wa kwanza. Na kabla ya kugeuka, tazama nyuma ya bega kwa kichwa kizima. Kundi likizidi, mimi binafsi hushuka nikatua. Sioni raha ya kuruka huku nahesabu mabawa.

Katikati ya mchana kigongo hubadilika tabia. Mawe na mashamba makavu huko chini yanapata joto, hewa iliyoyagusa inang'oka vipande vipande na kupanda, na ule upepo laini wa asubuhi unaanza kuja kwa ngumi. Variometa inapiga kelele za mita 4, mita 5 kwa sekunde, na muda mfupi baadaye unashushwa vivyo hivyo. Wenzangu wenye hamu ya kwenda mbali wanaupenda wakati huo. Wanaikamata nguzo ya hewa moto, wanazunguka nayo hadi karibu na wingu, kisha wanaondoka. Glaida nzuri ya kisasa husonga kama mita 15 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka, kwa hiyo aliyepata mita 1,000 ana kilomita 15 mkononi kabla hajahitaji hewa nyingine. Mimi nawasindikiza kwa macho. Napenda kujua nitatua wapi.

Mawingu tunayaangalia kuliko kifaa chochote. Wingu dogo jeupe lenye kitako bapa ni habari njema. Likianza kurefuka kwenda juu kuliko upana wake, mazungumzo yanabadilika. Mwaka 2007 karibu na Manilla, Australia, Ewa Wiśnierska, rubani wa mashindano kutoka Ujerumani aliyekuwa akiruka kwa bawa la parashuti, alivutwa na wingu la radi hadi mita 9,946. Alipoteza fahamu kwa zaidi ya nusu saa kwenye baridi kali, akazinduka bawa likiwa bado linaruka, akatua akiwa hai. Rubani mwingine aliyevutwa siku hiyo hiyo, kutoka China, hakurudi hai.

Kuna alasiri moja tulikuwa juu, hewa nzuri, kigongo chote kinabeba, na yule mwenzetu mzito akasema kwenye redio, “Jamani, lile wingu la nyuma ya kilele cha mwisho silipendi.” Hakuongeza neno. Nilitazama: kwa macho yangu lilikuwa mbali, na kitako chake hakikuwa cheusi. Lakini mwanga ulikuwa umebadilika kidogo, na upepo ulikuwa umeanza kunibeba hata mahali ambapo kwa kawaida nazama. Mmoja mmoja tukavuta upau, tukasogea mbele mbali na mlima, tukatua. Tulikunja mabawa haraka, pini mfukoni, fito kwenye mfuko wake, tukakaa kando ya gari tukilisubiri. Halikuja. Lilipita upande wa pili wa safu, halikutuangushia hata tone, na jioni ile ikawa safi kabisa huku sisi tumeshafunga kila kitu. Hakuna aliyemwambia neno yule mwenzetu, wala kwa utani, na sisi ni watu wa utani. Siku mtu atakapoona haya kusema “silipendi” kwa sababu mara iliyopita alikosea, tutakuwa tumepoteza kitu ambacho variometa haiuzwi nacho. Vivyo hivyo anayesema “leo siruki” haulizwi sababu. Anaweza akawa hajalala, anaweza akawa na mawazo ya nyumbani, anaweza akawa ameona kitu kwenye nyasi ambacho hawezi kukieleza.

Saa zangu ni za jioni. Jua likiinama, baadhi ya miteremko inaingia kivulini na hewa yake inapoa, inateleza kuelekea bondeni, na kuisukuma juu ile hewa ya joto iliyokuwa imejikusanya huko mchana kutwa. Bonde zima linaanza kupanda polepole. Ngumi zote zimekwisha. Hewa inabeba hata mbele kabisa ya kigongo, mahali ambapo mchana ungezama moja kwa moja, na inabeba sawasawa kiasi kwamba unaweza kuuachia upau mkono mmoja, kisha mwingine, na glaida inajiendea. Hapo ndipo tunapokaribiana. Kwa mwendo mdogo mluzi wa nyaya unakuwa mdogo pia, na mwenzako akiwa mita kadhaa pembeni unamsikia bila redio. Sauti za chini nazo zinafika: mbwa, mlango wa gari, mtu anayemwita mtoto. Nimewahi kusikiliza ugomvi mzima wa watu wawili waliokaa juu ya jiwe, wala hawakujua kwamba kuna mtu anawapitia juu ya vichwa vyao kila baada ya dakika chache na kwamba alikuwa ameanza kuegemea upande wa mmoja wao.

Tatizo la jioni ni kwamba hutaki kushuka, na wakati mwingine hata ukitaka hushuki. Bonde linapotoa joto lake, hewa ya mahali pa kutua nayo inapanda, na glaida inakataa kuuacha mwinuko wake wakati giza linakuja. Kwa hiyo kutua huanza ukiwa bado juu sana. Unatazama moshi, nyasi, uso wa maji, ujue upepo wa chini unatoka wapi, maana si lazima ufanane na wa juu. Unautazama uwanja mapema, unaingia kwa mwendo wa ziada kwa sababu karibu na ardhi upepo hupungua, na usipokuwa na akiba bawa linapungukiwa nao ghafla. Mikono inapanda kwenye miguu ya fremu. Glaida inateleza juu ya nyasi, kimo cha magoti, na wewe unasubiri. Hiyo subira ndiyo ngumu kuliko vyote nilivyojifunza. Ukisukuma mapema, glaida inapanda mita kadhaa na kukuacha hukohuko. Ukichelewa, pua inachomeka ardhini na wenzako wanapiga makofi, na makofi hayo si ya pongezi. Ukipatia, mikono inakwenda juu yote kwa mara moja, bawa linasimama wima, na unashuka kwa miguu yako.

Jambo ambalo hatujawahi kulimaliza ni la gari. Tunaruka kutoka juu na kutua chini, na gari limebaki juu. Lazima mmoja alishushe, maana yake mmoja haruki, au anaruka mapema kisha anapanda mlima kwa miguu wakati wenzake wanaelea. Zamu zimepangwa kwa haki kabisa, na haki hiyo husahaulika kila upepo ukiwa mzuri. Hapo ndipo utasikia habari za mgongo, za goti, za mtu anayesubiriwa nyumbani mapema. Mzee peke yake hajawahi kuikwepa zamu yake. Anasema ukiwa barabarani unauona upepo vizuri kuliko ukiwa ndani yake. Anaegesha kwenye kona ya katikati ya mteremko, anatoa redio dirishani, na anatuchunga sote kutoka pale: “Wewe mwenye bawa jekundu, sogea mbele, unarudi. Nimesema sogea.” Mwenye bawa jekundu husogea, na asante haisemi.

Kesho utabiri unasema kilomita 25, umenyooka. Zamu ya gari ni yangu, na goti langu limeanza kuuma tangu mchana.